Gunia Moja Lililobaki

Nilisikia gunia la chini likipasuka, kisha lundo zima la chumvi, matabaka kumi na sita, likaniegemea kama mlevi. Nilikuwa juu ya ngazi, begani nimebeba gunia la mwisho. Nilitolewa hai. Mguu wa kulia ulibaki hospitali.

Sasa nirudi nyuma, vijana mnielewe. Siku yangu ya kwanza katika mashamba ya chumvi, kaskazini ya Malindi, mzee mhesabu wa ghala alinipa ukili, utepe mrefu uliosukwa kwa mkindu. "Kila magunia mia, funga fundo moja; yasiyofika mia, chomeka kijiti kwa kila gunia. Usikiamini kichwa chako, liamini fundo." Mimi niliishia darasa la nne, lakini miaka ishirini fundo langu halikukosea!

Ndipo akaja Msimamizi Mgandi. Yeye alitaka lundo lisilo na masazo, kila tabaka sawa na mwenziwe, apate kuhesabu kwa kuzidisha bila kuondoka kitini. Shehena ile ya ajali, ukili wangu ulisema elfu tano na arobaini na moja. Tukapanga matabaka saba, likabaki gunia moja. Tukabomoa. Manane, moja. Tisa, moja. Kumi, moja! Makuli wakacheka: "Karisa, gunia hilo lina jini, lifukizie ubani!" Siku zikapita, lundo likizidi kuwa jembamba na refu.

"Bwana Msimamizi, hilo moja tuliweke kando," nikamwambia.

"Hesabu inayobakisha ni hesabu ya mwongo. Umekosea! Panga kumi na sita."

Tukapanga, lile moja nikapanda nalo mimi, na yaliyofuata mmeshayasikia. Ripoti yake ikaandika hivi: lundo limeanguka kwa kosa la mhesabu, yaani mimi. Nikastaafishwa kwa karatasi hiyo.

Nikarudi kwetu Matsangoni na magongo. Jirani yangu, Mwalimu Kadzo, akanisikiliza, akaleta kikapu cha kunde.

"Elfu tano na arobaini ni namba karimu, kaka. Ina vigawo sitini, yaani namba sitini zinazoigawa bila masazo. Yako imeizidi moja, ndiyo maana hubaki moja."

"Basi yangu ni tasa? Haigawanywi ila na moja na yenyewe?"

"Usiihukumu kabla hujaipanga."

Tukapanga kunde mkekani, kila kunde gunia moja, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Safu sabini na moja, kila safu kunde sabini na moja. Ile ya mwisho ikaingia pembeni, ikatulia. Nilipiga ukelele kuku wakatimka! Mraba! Mraba kamili, bila masazo! Na kwa kuwa sabini na moja yenyewe ni tasa, akasema Mwalimu, hakuna mpango mwingine wa safu zilizo sawa, ila mstari mmoja mrefu.

Kiwanja cha ghala kilikuwa kitupu wiki ile, turubai zipo. Magunia yangelazwa pale sabini na moja kwa sabini na moja, tabaka moja, chumvi haifiki hata gotini. Ingemwangukia nani?

Mgandi, ukili ninao bado, mafundo hamsini na vijiti arobaini na kimoja. Njoo Matsangoni uuhesabu kwa mkono wako mbele ya makuli wale wale, kisha useme wasikie: aliyekosea hesabu ni nani?