Wazima Waliokwenda kwa Notari

Wiki iliyopita, katika ofisi ya notari, mthibitishaji wa hati za sheria, mjini Gitega, Burundi, nikingoja zamu yangu, mbele yangu walikaa mume na mke, wakulima wa Buhinyuza kule Muyinga, pamoja na rafiki yao, mama wa Kiislamu anayeshona nguo mtaa wa Musinzira. Walitaka iandikwe nani atalea watoto wao wakifa.

"Nani anaumwa?" karani aliuliza.

"Hakuna, sisi wazima," mume akajibu. "Wazazi wangu walikufa Tanzania bila kuacha neno. Ndugu wa baba wakatugawana. Mdogo wangu nilimwona tena ameshaota ndevu."

Mke akamgeukia rafiki yake. "Dada, wabaki pamoja, na binti apate shamba kama kaka zake. Ukikataa sitakasirika."

 Yule mama alimfungua mtoto mgongoni kwa mwenzake, akambeba mwenyewe, akakaza kitenge.

"Andika, papa," akamwambia karani. "Mi iko mama yao."

 Wengi wetu hatukitaji kifo nyumbani, kana kwamba kisipotajwa kitasahau njia. Hawa walikitaja mchana kweupe, wakatoka wakicheka, nami nikasimama kuwapisha kama wanavyopishwa wakubwa.