Udongo wa Nyayo

Juzi, nikisimamia wanafunzi wa Migori waliopiga kambi kwenye vilima vya Gwassi, niliinama kukagua nyayo zao njiani. Harufu ya nyasi kavu ikanirudisha utotoni.

Katika safari kama hii, mwalimu wetu Adhiambo naye alitembea nyuma yetu, akiinama na kugusa vumbi.

“Anachota nyayo zetu,” rafiki yangu Otis alininong'oneza.

Nyumbani tuliambiwa mchawi humroga mtu kwa udongo aliokanyaga. Nilivunja tawi, nikawa nafuta nyayo zangu, hadi nikaachwa peke yangu kichakani. Nilimsikia mwalimu akiniita. Sikuitika. Aliponipata, sauti ilikuwa imemkauka.

“Wewe mtoto, mbona hukuacha hata wayo mmoja?”

Nikadhani analilia udongo wangu. Kumbe alizifuata nyayo ili asimpoteze mtoto wa mtu.

Nilipoinuka kutoka kwenye nyayo za wanafunzi wangu, msichana wa mwisho alikuwa amesimama na tawi, akifagia njia huku akinikodolea macho. Nilichota udongo kwenye wayo wangu, nikamwekea kiganjani.

“Shika udongo wangu kwanza. Wewe ukipotea, nimekwisha.”

Alinitazama kwa shaka, akafumba kiganja. Kisha akalitupa tawi.