Mchuzi wa Perege

Nilimchukia mtu mmoja miaka kumi na miwili, na sioni haya kusema kwamba chuki ile niliilea vizuri kuliko nilivyolea mbuzi wangu.

Alikuwa mvuvi wa Kizigua kwenye bwawa kubwa huko tambarare, chini ya milima yetu. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuvua kofia mbele za watu, unacheka. Akikutukana, unatafuta tusi kubwa zaidi. Anayekasirika ndiye mshamba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye kikapu akijiita mfanyabiashara. Mama yangu alikuwa kitandani, nyumbani kwetu juu ya Soni. Uji alikataa, maziwa alikataa. Akasema anatamani mchuzi wa perege, kama aliokunywa alipokuwa msichana. Soko la Soni lilijaa kabichi na matunda damu, lakini samaki walikuwa dagaa wakavu tu. Nikanunua mshipi na ndoana, nikashuka.

Mvuvi yule nilimkuta akitengeneza mtumbwi wake. Tulipokwisha kusalimiana na kutukanana, akaniuliza, “Haya, mtani, umefuata nini huku?”

Niliona aibu kusema nimekuja kuomba kitoweo cha mgonjwa, mwanamume mzima. “Biashara,” nikamjibu. “Nataka perege wa kupeleka Lushoto.”

Akanitazama viatu, akatabasamu. “Basi sikia, tajiri. Huu ni wakati wa kipupwe. Samaki wanakimbia baridi, wanajificha kwenye kina. Nenda pale kwenye ukuta wa bwawa alfajiri, shusha mshipi mrefu, weka chambo kikubwa. Utajaza gunia.”

Nilikaa juu ya ule ukuta siku tatu. Umande ulinilowesha, upepo ukanipiga, na ndoana ikarudi kila mara na tonge lake la ugali. Siku ya tatu alasiri nilikwenda upande wa pili kuomba maji ya kunywa, nikamkuta mvuvi wangu kwenye ghuba ya visiki, maji hayafiki kiunoni. Jua lilikuwa limeyapasha moto tangu asubuhi, na upepo ulikuwa ukiyasukuma maji yale ya vuguvugu kuelekea ufukwe huohuo. Perege walikuwa wamefuata joto. Alitumia mshipi mfupi, ndoana ndogo, na kipande cha mnyoo kisichozidi kucha, kwa maana samaki wa kipupwe ni mvivu, hafungui mdomo kwa tonge kubwa. Ndoo yake ilikuwa imejaa.

“Utani huo, mtani!” akasema, akicheka mpaka akashika kisiki.

Nilikunja mshipi wangu, nikaondoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilikuta watu wameketi uani kwenye mikeka. Mama alikuwa amezikwa jana yake.

Kwa hiyo nilisubiri. Mtani ana haki moja ambayo hata ndugu hana: anaweza kuuzuia msiba. Atalala mbele ya jeneza, atamwigiza marehemu, na hanyanyuki mpaka apewe anachotaka. Dereva wa lori la kabichi aliponiletea habari kwamba mvuvi wangu amefariki, nilishuka saa ileile. Mshipi niliutia mfukoni.

Walipolitoa jeneza, nilijitupa chini uani. Nikauning'iniza mshipi hewani. “Nenda ukutani, tajiri!” nikapaza sauti yake, kicheko chake, kila kitu. Watu walicheka mpaka wakaangusha kanga na kofia. Vijana wake wakanipa sarafu, nikazitupa. “Sitoki bila mchuzi wa perege! Mama yangu mgonjwa aliungoja mpaka akafa, na huyu akanipeleka kwenye kina!” Niliwaambia wakavue wenyewe, palepale ukutani, maana baba yao ndiye mwalimu wangu. Jua likapanda. Jeneza likasubiri mabegani mwa watu, nami nikaona raha, raha ya kweli.

Ndipo mjane akatokea mlangoni na bakuli. Ulikuwa mchuzi wa jana, umepashwa moto. Akainama, akauweka mbele yangu.

“Mama yako alikuwa anaumwa?” akauliza polepole.

“Alikuwa anaumwa.”

“Mgonjwa hataniwi, mtani. Ungemwambia, angekupa ndoo nzima, akakusindikiza mpaka barabarani.” Akanitazama. “Alinisimulia siku ileile. Mbona wewe ulimwambia biashara?”

Niliushika mchuzi nikanywa, kwa sababu niliudai mwenyewe na watu walikuwa wanangoja. Nilikunywa huku machozi yakidondokea bakulini, na ua mzima ukazidi kucheka, wakisema mtani huyu wa milimani anajua kuigiza.