Waliponiita Jabayo

Shida zangu zilianza mwaka wa 1993, nikiwa na miaka ishirini na sita. Mume wangu alikufa kwa kifua, akaniachia watoto wawili, nyumba ya udongo na shamba linaloteremka kuelekea ziwani, upande wa Karungu. Kwetu ni Magunga, huko Homa Bay, kwa hivyo wakwe zangu waliniita nyar Magunga, binti wa Magunga. Shuleni nilifika darasa la tatu. Haya nayaandika mwenyewe na makosa yakiwemo ni yangu.

Wakati ule mjane wa Kijaluo ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe hakuruhusiwa kuingia boma la mtu mwingine. Walisema akiingia analeta chira, mkosi unaokondesha watu mpaka wafe. Shemeji yangu mkubwa alitaka kunirithi. Alikuwa na wake wawili tayari, na hakuna kati yao aliyekuwa na blanketi zima. Nikakataa. Basi nikawa mtu wa kusimama nje ya ua.

Watoto hawali ua. Nilichukua omena ufuoni, dagaa wa ziwa letu, nikazitia kwenye karai, nikaanza kuzipeleka kwa miguu mpaka machimbo ya dhahabu ya Macalder. Njiani nilisimama mbele ya kila lango nikaita. Mwenye boma alitoka na bakuli, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja nijaze. Mvua ikinyesha hakuna aliyesema njoo ujikinge. Lakini omena walikula. Mkosi wangu haukuingia kwenye omena, ulijua kuchagua.

Wachimbaji walikuwa afadhali. Siku moja mmoja wao, mwili mzima udongo, aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama omena, umerithiwa au bado?"

"Bado."

"Basi niongezee kidogo, nife nikiwa nimeshiba."

Huyo nilimwongezea.

Mwaka wa pili shemeji akaanza kuniita jabayo. Katika lugha yetu, bayo ni kutembea huku na huko, na jabayo ni mtu wa kutembea hivyo. Alilisema kisimani, akalisema kanisani, mwisho akalipeleka kwa naibu chifu. Aliandikiwa barua ya Kiswahili na mtu aliyesoma: mjane huyu ni mzururaji, amehama boma, shamba lirudi kwa ukoo. Kabla barua haijajibiwa alikuwa ameshasimika nguzo katikati ya mtama wangu.

Nilimpelekea mwalimu mmoja neno lile la barua. Akafungua kamusi, akanisomea kwamba mzururaji ni mtu anayetembea ovyo bila shughuli. Bila shughuli, na utosi wangu ulikuwa umeota sugu kwa karai. Akaongeza kwamba yeye anadhani neno limetoka kwa kuzuru, yaani kwenda kumtembelea mtu. Hapo nilikasirika zaidi. Nimzuru nani, na hakuna mlango niliofunguliwa? Wao ndio walionifungia nyumba zao, nikabakiwa na barabara. Halafu wananitukana kwa sababu niko barabarani.

Kikao kilifanyika nje ya ofisi ya naibu chifu. Shemeji alisimama akasema, "Nyar Magunga ni jabayo. Asubuhi hayupo, mchana hayupo. Boma halikai na mtu kama huyo."

Wazee wakatikisa vichwa. Ndipo mama mkwe wangu akaomba nafasi. Alikuwa mzee sana, macho yamefunga ukungu, na tangu msiba alikuwa hajasema neno la kunitetea wala la kunishtaki.

"Sisi tukiwa wasichana tulikuwa tukisema twende bayo," alisema. "Tunavaa shanga, tunakwenda kuwaona wenzetu kijiji cha pili, jioni tunarudi. Hakuna mama aliyetutukana. Wa kutukanwa alikuwa yule ambaye watu hawajui analala wapi. Huyu najua anakolala. Kila jioni namsikia akikwangua ukoko kwenye sufuria."

"Mama, wewe huoni," shemeji akamwambia.

"Macho ndiyo yameharibika, mwanangu. Masikio ni mazima. Na omena zake nakula. Wewe umeniletea nini tangu mavuno?"

Watu wakacheka, hata askari wa ofisi akacheka. Shemeji akakaa chini.

Naibu chifu akaamua: nyumba ni yangu na shamba ni langu, nguzo zing'olewe. Kisha akanigeukia. "Lakini na wewe mama, utulie sasa. Wacha kutembea. Chagua mtu wa ukoo akushike."

"Nikitulia, bwana, watoto watakula nini?"

Akasema hilo ni jambo la ukoo. Ukoo wote ulikuwa pale, umekaa, na mmoja mmoja wakaanza kuinuka kwenda zao.

Jumatatu nilipita mbele ya ofisi yake na karai kichwani, polepole, anione vizuri. Hakunisimamisha. Nilitembea njia ile miaka sita zaidi. Nguzo shemeji alizing'oa mwenyewe, nami nikazifanya kuni, sikumrudishia.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne. Nina shamba lile lile, na hati ina jina langu. Nina ng'ombe watatu, mbuzi kumi na mmoja, tangi la maji, duka la omena na unga karibu na stendi. Watoto wawili walimaliza shule. Mume wa kunirithi sina. Nina viti vya plastiki kumi na viwili, na meza mbili, na anayesimama langoni kwangu namwambia aingie akae.