Mchoro wa Roketi Ubaoni

Juzi nilipeleka goti langu hospitali, lakini kwenye benchi la kungojea goti husahaulika, maana mambo ya watu ni matamu zaidi. Kando yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha kule mtoni Ruvuma na binti yake wa shule, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Nikauliza, si mnanijua.

"Ameokota bomu kwenye mihogo," mama akasema. "La vita vya ng'ambo ya mto. Likamlipukia."

"Sikujua, bibi," binti akanieleza. "Mwalimu alituchorea roketi ya mwezini. Ina ncha mbele, na mapezi mkiani. Akasema ikipaa huangusha vipande vyake. Nikadhani nimeokota kimoja, nimpelekee."

Wakaitwa ndani. Mlango haukufungwa vizuri, nami nikachungulia. Bandeji ilipofunguliwa, kilibaki kidole gumba tu. Binti hata hakukitazama. Alimwuliza daktari kama mtu anaweza kujifunza kuandika kwa kushoto kabla ya mtihani.

"Anaweza," daktari akasema.

"Mtihani gani? Shule basi," mama akakatiza.

Walipotoka nikajitia kumshauri: "Mwenzangu, mwache arudi darasani."

"Bibi, una mkono mwingine wa kumwazima?"

Nikarudi kwenye goti langu, jambo ambalo majirani zangu wa mtaa wa Rahaleo hawataliamini.

Walimu wa mtoni, roketi choreni, watoto wanaipenda. Ila kando yake choreni na bomu, na muanze na bomu.