Kamba Ndefu ya Bi Mwaka

Juzi nilikwenda Darajani kununua nyanya, nikarudi na kamba. Muuzaji alikuwa ameitundika msumarini, kamba ya usumba, na bado ilikuwa na ile harufu ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi: matope, chumvi na uvundo. Niliinusa palepale mbele za watu. Bibi mzima mwenye wajukuu! Wacha wacheke. Bila ya harufu ile huenda leo nisingejua kusoma hata risiti ya nyanya.

Nilikuwa na miaka tisa, nasoma darasa la nne, na tulikaa mimi na mama ghorofani, kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Baba alikuwa baharia, barua zake zinafika habari zikiwa zimeshapoa. Tangu ile Januari ya Mapinduzi mama hakuwa ametoka nje. Mwaka ulikuwa umepita, mji umetulia, watoto wanacheza nage chini ya dirisha letu, naye bado anatia komeo mchana kweupe. Jirani ndiye aliyetuletea mahitaji, na ndiye aliyenipeleka skuli na kunirudisha. Nikiingia tu ndani, mama ananiambia, "Tulia, wasisikie." Nani wasisikie, hakusema, wala mimi sikuthubutu kuuliza.

Nikatulia, mpaka kichwa nacho kikatulia. Hesabu za mara, ambazo zamani nilizisema kwa mbwembwe, zilinitoka moja moja. Nilikaa kitako mkekani na daftari mapajani, namba zinanitazama, nami nazitazama, basi.

Siku moja mwalimu wetu wa hesabu, bwana mwembamba aliyependa kunyoosha suruali kwa pasi kuliko kucheka, akatangaza kwamba Jumatatu kila mmoja atasimama mbele aseme mara ya saba, ya nane na ya tisa. Atakayeshindwa atarudia mwaka. Nilimweleza mama, naye akajibu bila ya kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

"Ukirudia, basi na skuli. Utakaa hapa na mimi, nikufundishe kofia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyepata nafuu, na hilo ndilo lililonitisha. Niliyaona maisha yangu yote juu ya mkeka ule, kofia baada ya kofia, na komeo mlangoni.

Alhamisi akaingia Bi Mwaka, shangazi yake mama, kutoka Makunduchi. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kupiga makumbi na kusokota usumba. Alibeba kikapu cha muhogo, na juu yake kamba mpya iliyonuka nyumba nzima. Nilimwamkia, akaitikia, akanigeuza huku na huku kama anayechagua samaki.

"Saada, mtoto huyu mbona kapooza?"

"Hajapooza. Katulia," mama akasema.

"Mtoto wa miaka tisa hatulii, ela awe mgonjwa."

Ijumaa mchana, mama akiwa chumbani kwake anasali, Bi Mwaka alinipa ile kamba. Ilikuwa ndefu mno, nikaikunja mara mbili ndipo nikaweza kuiruka. Sakafu yetu ilikaa juu ya boriti, na kila nilipotua ilijibu: du, du, du. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Namba zilikuja zenyewe, kila moja na mguu wake, na moyo ukanidunda kwa raha niliyokuwa nimeisahau. Nilipofika hamsini na sita nikaitupa miguu mbio kwenda kumwambia mama.

Mswalani hayupo. Nilimkuta nyuma ya kabati, amejibana ukutani, ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yake mlangoni. Alidhani ni viatu vya watu wanaopanda ngazi. Aliponiona na kamba mkononi aliipokonya, akanicharaza nayo mara mbili, kisha akakaa chini akatetemeka mwili mzima. Nilimwogopa hata nikashindwa kulia.

Bi Mwaka alimkumbatia mpaka akatulia. Kisha akasema, polepole, "Humu ndani hairukwi tena. Itarukwa nje."

"Nje hatoki!"

"Atatoka na mimi. Na kamba ina ncha mbili, Saada. Ya pili utashika wewe."

Jumamosi asubuhi Bi Mwaka alisimama uchochoroni na ncha yake. Mama alishika ya pili akiwa ndani, nyuma ya kizingiti cha mlango wa chini, kanga ameivuta mpaka puani. Kamba ikagonga mlango, haizunguki. Bi Mwaka hakuivuta. Alingoja tu. Mimi nilikuwa katikati, macho kwa mama, maana Jumatatu ilikuwa keshokutwa na mama alikuwa anaiangalia ile ngazi nyuma yake. Nilijua akiiachia kamba, basi tena.

Akavusha mguu mmoja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavusha wa pili.

Alizungusha kwa pupa, kamba ikanipiga visigino. "Taratibu, mama!" nikamfokea, na yeye, maskini, akasema samahani. Nilipokwama kwenye saba mara nane, yeye ndiye aliyesema, "Hamsini na sita."

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, mikono nyuma. Saba mara sita, nikasema. Saba mara saba. Kisha kiza. Mwalimu akagonga meza kwa bakora. Nikahisi visigino vinapanda vyenyewe chini ya gauni, vinashuka, vinapanda, na hamsini na sita ikatoka. Sikusimama mpaka mwisho wa mara ya tisa.

"Umefuzu," mwalimu akasema. "Wewe na visigino vyako."

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo, na kabla ya hesabu nilikuwa nawatoa kwanza uwanjani wakaruke. Wenzangu walinicheka mpaka walipoona matokeo.

Siku ile jirani alinirudisha, na kwenye kona nikamwona mama. Bi Mwaka alikuwa ameshapanda basi la asubuhi kurudi kwao. Mama alikuwa amesimama nje peke yake, ncha moja ya kamba ameifunga kwenye nondo ya dirisha la chini, ya pili iko mkononi mwake. Hakuniuliza kama nimefuzu.

"Umechelewa," akasema. "Haya, tuanze mara ya kumi."

Nilidhani mama alitoka kwa ajili ya hesabu zangu. Nondo ile ilikuwepo tangu Jumamosi, ingetosha kushika ncha ya pili, na Bi Mwaka hakuwa kipofu. Nilikuwa nimeshakuwa mama mwenyewe ndipo nilipoikumbuka kamba aliyoisokota kule Makunduchi, kabla hajaniona. Kwa mtoto mmoja ilikuwa ndefu mno.