Vanishi Juu ya Shaba

Sikumpenda wifi yangu, na sitaanza kujifanya leo. Dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwembamba mwenye mgongo uliopinda kwa kuinamia ndoo, na mdomo, Mungu anisamehe, mdomo ule ungeweza kukwangua rangi ukutani. Siku ya kwanza napelekwa kwao kama mchumba, alinitazama mikono kabla ya uso. "Umenawa?" akaniuliza. Mbele ya wageni! Nilikuwa nimetoka karakana ya samani, ninakopaka vanishi makabati na meza za watu, na kucha zangu zilikuwa za njano kama kawaida. Nilikuwa nimenawa mara tatu. Vanishi haitoki kwa sabuni. Basi tangu siku hiyo, kwake mimi ni mchafu.

Hospitalini walimwita Bi Umenawa. Alikuwa mfanya usafi wa wodi ya upasuaji ya wanaume kwa miaka kumi na tisa, na neno hilo alimtupia kila mtu, daktari bingwa na mgeni mwenye tai wote sawa. Alikuwa na vitambaa vinne, kila kimoja na kazi yake, na cha chooni hakikuwahi kukutana na cha kitandani hata kwenye kamba ya kuanikia. Kitanda alikianza kichwani, akamalizia miguuni, harudi nyuma. Ukimsemesha katikati hakujibu. Akimaliza, ndipo anakugeukia kukupa vidonge vyako vya maneno.

Mume wangu amelelewa na huyo dada. Mama yao alifariki binti ana miaka kumi na sita na mdogo wake minne. Akaacha shule, akampikia, akambeba mgongoni, akamchapa pia alipostahili. Hakuolewa. "Mwanaume mmoja ananitosha," alizoea kusema, yaani huyo mdogo wake, na mimi nimekaa hapo hapo kama stuli. Sasa mke unaingilia wapi?

Mume wangu ni fundi umeme. Siku moja ngazi iliteleza, akaja chini nayo, mfupa wa muundi ukavunjika mara mbili. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akalazwa wapi? Wodi ya dada yake, chumba cha vitanda viwili. Na vitanda vya chumba hicho vilikuwa na kingo za shaba, zile za kushika pembeni. Hospitali ilikuwa inazijaribu. Mtu wa maabara, bwana mpole mwenye miwani mizito, alinieleza mwenyewe: kuna vijidudu vya hospitalini vilivyokwisha kuzoea dawa, unavipiga sindano hii na ile, havishtuki. Lakini vikikaa juu ya shaba tupu saa chache, vingi vinakufa. Kila Alhamisi alipita na vijiti vyenye pamba, akasugua kingo, akaenda kuvipanda kwenye visahani vyake kuona kitaota nini. Kwenye shaba vilikuwa vinaota vichache sana.

Lakini shaba ikishikwashikwa na mikono hugeuka. Ilikuwa ya kahawia, ina madoa meusi ya vidole. Nilikuwa nikiitazama kila saa ya kuona wagonjwa, na mikono inaniwasha.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "kitanda cha mdogo wako kimechakaa namna hii, au siku hizi macho nayo yamezeeka?"

"Iache shaba hivyo hivyo ifanye kazi yake," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe umezoea kung'arisha vitu vilivyooza ndani."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Sawa, acha acheke. Mume wangu naye akacheka, akashika mbavu kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Wiki hiyo kidonda chake kilikuwa kizuri. Daktari alisema siku kumi zaidi, arudi nyumbani. Yule mgonjwa wa pili alitolewa, akaletwa mwingine aliyetoka hospitali ya mbali, ana kidonda cha tumbo kinachotoa maji. Na wifi yangu akahamishiwa wodi ya wazazi kwa wiki mbili, kumshikia mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Nikasema haya, uwanja ni wangu.

Jumapili walipompeleka mume wangu kubadilishiwa bandeji, nilitoa mfukoni kichupa cha vanishi ya spiriti na kitambaa cha pamba. Yule mwenzake alikuwa amegeukia ukutani, anakoroma. Nikasugua shaba mpaka ikawa nyekundu, kisha nikapitisha vanishi mkono mmoja, yaani tabaka moja jembamba, kama ninavyopaka meza ya bwana harusi. Harufu ya spiriti wodini, nani ataishangaa? Dakika ishirini ilikuwa imekauka. Mtu wa maabara alikuwa amesema shaba tupu. Nilimsikia vizuri sana. Lakini vanishi yangu haina rangi, nikajiambia kisichoonekana kitazuia nini?

Jumanne wifi alikuja kumjulia hali mdogo wake. Aliishia mlangoni, kwa sababu hakutaka kubeba wadudu wa wodi moja kuwapeleka nyingine, hata kama ni kwa damu yake. Aliuona ule ukingo unavyowaka.

"Nani amesugua hapo?"

"Mimi."

"Afadhali," akasema. "Kumbe ukitaka unaweza."

Miaka tisa ya ndoa, hilo ndilo neno jema la kwanza. Nililibeba mpaka nyumbani.

Mume wangu alikuwa na mazoea yake. Anashika ukingo, anajivuta kukaa, kisha mkono ule ule unakwenda kupapasa bandeji. Ijumaa alipata homa. Jumatatu mguu ulikuwa umevimba, unanuka. Dawa ya kwanza haikufua dafu, wala ya pili. Ya tatu ilitafutwa mji mzima, ikapatikana, ikamwagwa mwilini siku nne bila faida. Vijidudu vya kidonda chake vilikuwa ndugu mmoja na vya yule bwana wa tumbo, na ndugu mmoja na vilivyoota kwenye kijiti cha Alhamisi kilichosuguliwa kwenye ukingo wa kitanda chetu. Visahani vilijaa pomoni.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mtu wa maabara alirudi, akakwangua ukingo kwa ukucha. Kikatoka kigamba chembamba, kinapitisha mwanga. "Hii si shaba," akasema. "Hii ni vanishi juu ya shaba." Alisema pia hawezi kuapa kama vijidudu vilitoka ukingoni kwenda kidondani au vilitoka kidondani kwenda ukingoni. Namshukuru kwa kusema hivyo. Haijanisaidia hata usiku mmoja.

Muuguzi mkuu alituita wote ofisini kwake, wafanya usafi na jamaa za wagonjwa. Nani amepaka? Mama mmoja, aliyekuwa amemshikia wifi yangu wodi ya upasuaji zile wiki mbili, alianza kulia, maana wodi ilikuwa mikononi mwake. Mimi nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Hakikutoka kitu. Wifi yangu alikuwa amesimama mbele yangu, akatazama vidole vyangu, kucha kwa kucha.

"Ni mimi," akasema. "Nilipaka siku ya kuhama. Nilitaka ing'ae."

Miaka kumi na tisa ikaishia hapo. Alirudisha ndoo na ufunguo wa stoo siku hiyo hiyo.

Nilimkimbilia kwenye mabomba ya uani. "Wifi, kwa nini—"

"Usinishukuru, nitakutemea mate." Alifungua bomba, akaanza kunawa mikono. "Nimekuficha wewe? Wewe ni nani nikufiche? Akijua ni mkono wako atakufukuza. Namjua, nimemlea mimi. Halafu nani atamnyanyua, nani atampeleka chooni? Mgongo wangu umekwisha. Wewe una mikono ya kubeba mbao. Kaa naye. Na ukithubutu kumwambia ili roho yako ipumue, mimi na wewe tutaonana."

Sikuthubutu. Ningesema ni kwa sababu yake, lakini huo ni uongo. Niliogopa kuachwa.

Mume wangu aliambiwa na wauguzi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada? Dada na usafi wake wote?" Akageukia ukutani siku mbili.

Mpaka leo simpendi yule mwanamke. Sasa namchukia zaidi, maana amenifanyia wema nisioweza kuubeba wala kuutupa. Ningemwona mnafiki ningepona. Si mnafiki.

Jumamosi iliyopita alikuja kwetu. Alikuwa na bandeji alizozifua mwenyewe, akazipiga pasi na kuzikunja, mgongo umempinda zaidi. Nilifungua mlango. Mume wangu, kutoka kwenye kiti chake, alimwona.

"Mwambie huyo mtu aende," akaniambia. "Mimi sina dada. Funga mlango."

Nikamtazama wifi. Machozi yalikuwa yanamtoka, hayafuti. Nilitaka kusema, wallahi neno lilikuwa kooni. Alinisukumia bandeji mikononi, akatikisa kichwa mara moja, kunikataza.

"Funga," akanong'ona. "Anapigwa na baridi."

Nikafunga.